Mita Mia Tatu

Saa nne usiku. Umeme umerudi Tororo,
vumbi la saruji limelala juu ya mabati.
Nimefunga mlango, nimefunga na dirisha,
simu nimeipunguzia mwanga
hadi inaujua uso wangu peke yake.

Apu inauliza: wewe ni nani?
Naandika: Dume. Nafuta.
Naandika: Sauti nzito, kifua kipana, wenye madaha wasinisumbue.
Uongo huo niliunakili kwa mtu asiye na kichwa,
nami nikakikata changu pichani,
nikabakiza mabega niliyoyapata
kwa kupakua mifuko dukani kwa Obbo.

Mabega ni yangu, sikatai.
Ila mikono hii ina lafudhi yake:
nikisema, inachora hewani
kama shangazi Nyachwo akipepeta mtama.
Mchana naitia mfukoni.
Usiku naiweka mezani, ipumzike.
Na wanja, haya, niseme tu,
umo ndani ya kopo la majani ya chai.
Nimeupaka mara mbili mwaka huu.
Mara moja nilijipenda.

Meseji: "Uko karibu. Mita mia tatu."

Mita mia tatu ni msikiti,
ni duka la mbao,
ni kituo cha polisi.

"Tuma uso."
"Tuma wako kwanza."
Nukta tatu zinacheza, zinakufa, zinafufuka.
Erisa alituma wake mwezi wa pili;
akauza pikipiki kununua kimya cha watu,
na kimya chenyewe kilikuwa cha wiki mbili.

"Lakini wewe si wa kike-kike, eh?"

Hapo kidole kinasimama.
Kuna jibu ninalolijua kwa moyo,
kama namba ya kitambulisho.
Sijui ni uchovu, sijui ni joto.
Naandika: "Siku nyingine, ndiyo."
Nangoja kufungiwa mlango.

"Afadhali," anasema.
"Kile kifua si changu. Nilikiokota mtandaoni.
Mimi mwembamba, nashona magauni,
na nikicheka watu hugeuka."

Nacheka mimi. Kwa sauti. Nimejisahau.

"Unacheka na nani?" Mama, nyuma ya ukuta.
Alizaliwa kota za reli, Kiswahili ndicho kilichomlea.
"Rafiki."
"Amekula?"

Amekula.
A moja tu, bwana na bibi wanapita humo humo,
haimvui mgeni nguo ili imtambue.
Miaka yote nimeitamka
bila kuona kwamba ni paa.

"Bado, hajala."
"Basi aje Jumapili. Asije mikono mitupu."

Simu imepata joto kiganjani.
Bado sijauona uso. Bado ni mita mia tatu,
na kituo bado kiko palepale.
Naandika: "Mama anauliza kama umekula."

Nukta tatu.