Hesabu ya Majina

Kwetu Bwera jina ni hesabu.
Mvulana wa kwanza Baluku, wa pili Bwambale,
wa tatu Masereka, wa nne Kule.
Mimi Thembo, wa tano,
karani wa mizani kwenye ghala la kahawa.
Mgeni akilisikia jina langu huuliza:
wale wanne wako wapi?
Humjibu: watatu wapo.

Kule alipenda kusoma. Hilo liandikwe mwanzo,
kabla ya bunduki.
Alikariri juzuu ya Amma huku akimenya mihogo,
akikosea herufi anaanza upya, na kisu hakisimami.
Mwaka ule kahawa iliungua mitini, karo ikashindikana.
Akaja kijana kutoka Kampala, kanzu fupi, ndevu changa,
sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.
Hakutaja vita. Alitaja ufadhili,
chuo ng'ambo ya mto, na cherehani kwa atakayemaliza.
Baba, aliyefagia msikiti wetu miaka thelathini,
alimuuliza jambo moja tu: "Mwalimu wako nani?"
Kijana akatazama saa yake.

Lhubiriha si mto mpana.
Siku ya soko wanawake huuvuka na maharagwe kichwani.
Kule aliuvuka Jumanne,
viatu mkononi, ili visilowe.

Baadaye ndipo tuliposikia lilivyoanza kundi lile:
ugomvi wa misikiti mjini, nani imamu wa haki,
vijana waliotoka jela na hasira mpya;
na huku milimani wakaikuta hasira ya wengine,
kongwe, ya kwetu, imekaa inangoja.
Wakazishona pamoja kwa uzi wowote uliopatikana.
Vazi lile likashuka usiku.

Tulihama na magodoro.
Tulilala chini ya turubai hadi watoto wakasahau
kwamba paa halipigi makofi.
Wanajeshi nao wakaja na orodha.
Baba alikaa ndani siku kumi na moja
kwa kosa la ndevu, na la mtoto asiyeonekana.
Alirudi na ndevu upande mmoja.
Ijumaa alifagia msikiti kama kawaida,
ila alianzia mlangoni, akirudi kinyumenyume.

Mama hakukipenda Kiswahili.
Maisha yake yote, kila aliyemwambia "Lala chini!"
alimwambia kwa Kiswahili:
askari wa serikali hii, na wa ile,
na wa ile nyingine,
na wale wa msituni waliosema wamekuja kwa ajili ya Mungu.
"Lugha hiyo," alisema, "haijui kubisha hodi."

Miaka kumi na saba. Halafu simu, namba ya Kongo.
"Mama, ni mimi." Kwa Kiswahili.
Mama akauliza kwa Lhukonzo: wewe nani?
Akataja jina, Abu fulani.
"Mimi sikuzaa Abu. Nilizaa wa nne."
Kimya. Sijui kama ni mtandao.

Aliyekuja si yeye.
Ni msichana wa miaka minane au tisa,
ameletwa na gari la ofisi ya msamaha, na karatasi yenye mhuri.
Amezaliwa msituni. Anajua ndege ya abiria kwa mlio,
na ile isiyo na rubani.
Lhukonzo hajui hata neno.

Mama alitaka kumpa jina, jina la kwetu, la hesabu.
Nikatafsiri: mama yako alizaa wasichana wangapi kabla yako?
Mtoto akanyoosha vidole,
akavikunja viwili, akanyoosha kimoja,
akaficha mkono mgongoni.
Hadi leo tunamwita "wewe".

Usiku huingia mvunguni, uso sakafuni,
viganja kisogoni, kama alivyofunzwa.
Usiku wa nne nilimsikia Mama amepiga magoti,
ananong'ona, anahangaika na ile lugha
kama mtu anayechomoa mwiba kwa meno:
"Lala juu, mjukuu wangu.
Lala juu."