Pingili Moja

Hapa Nobsa, alfajiri, baridi ya mlimani
huingia hadi ndani ya chuma.
Nimeipindua baiskeli uani, kiti chini, magurudumu juu,
kama punda aliyekataa safari akalala chali.
Ni ya kijani, au ilikuwa.
Aliniuzia Belarmino, mwaka ule alipochoka mashindano
akafungua tanuri la mikate.

Gia zake hazina mlio wa kukuambia umefika.
Vijiti viwili tu kwenye paipu:
unasukuma kidogo, unasikiliza,
unarudisha kiasi cha unywele,
mpaka mnyororo unyamaze.
Anayetaka kusomewa namba anunue nyingine.

Wiki ya tatu sasa, inaruka.
Kwenye kilima cha kanisa, na mablanketi manne ya sufu mgongoni,
mguu unazama ghafla
kama ngazi iliyokosa kidato,
na goti linaonja paipu.

Belarmino akasema: waya umelegea.
Nikaukaza robo mzunguko, kisha nusu, nikaupaka grisi.
Inaruka.
Don Custodio wa duka la vipuri hakuinua hata macho:
meno yameisha, badilisha yote.
Akataja bei nisiyoweza kuirudia mbele ya watoto.
Shemeji yangu Eliécer, supu bado masharubuni:
hiyo imezeeka tu.
(Yeye ameizidi baiskeli miaka kumi na moja. Sikumjibu.)

Mimi ni mfumaji. Mchana kutwa nahesabu nyuzi.
Kosa la nguo lina zamu yake:
likirudi kila safu, liko kwenye mtambo;
likirudi ovyo, liko mkononi mwangu.
Basi nikaketi juu ya debe,
nikaizungusha pedeli kwa mkono, taratibu,
kidole cha pili kwenye mnyororo, nikihesabu.

Lingekuwa jino la mbele, ingeruka kila mzunguko.
Lingekuwa jino la nyuma, ingeruka mara mbili, mara tatu,
kabla pedeli haijarudi ilipotoka.
Hii iliruka mara tatu
katika mizunguko minane.
Minane mingine: mara tatu.
Tena.
Ni nini hicho kizungukacho kwa uvivu namna hiyo?

Nikahesabu pingili: mia moja na kumi na mbili.
Meno ya mbele: arobaini na mawili.
Nikazidisha kwa chaki ukutani,
minane huku, tatu kule,
na pande zote mbili zikanipa
mia tatu thelathini na sita.

Nikasubiri. Ikaja.
Pingili moja, kutu puani,
ikapita kwenye vigurudumu vidogo vya nyuma
bila kukunja goti,
kama tajiri anayeingia kanisani.
Moja.
Kikulacho ki nguoni mwako,
nami wiki tatu nilikitafuta kwa majirani.

Mafuta ya taa. Mswaki wa zamani wa binti yangu Yolima.
Tope jeusi likatoka, lenye mvua za Aprili ndani yake,
na uzi mwekundu wa sufu ambao sijui ulipandaje humo.
Kisha tone moja la mafuta, moja tu,
vidole gumba viwili huku na huku,
nikaupinda mnyororo ubavuni, mahali usipozoea kupindwa,
kushoto, kulia, kushoto,
kama mlango uliovimba kwa unyevu.

Tik.

Kitu kidogo sana. Kuku hakugeuka hata shingo.

Jioni nilipanda kilima cha kanisa
bila kushuka.
Custodio alikuwa mlangoni, mikono mfukoni.
Sikumwambia neno; nilipiga kengele.
Gia ya tatu, ya pili, kiasi cha unywele,
na chini yangu ukimya ule mnene
wa vyuma vinavyoelewana.

Karibu na kilele, pedeli ya kushoto:
kwii.
Tena, kwii.

Nikaanza kuhesabu.