Viti Viwili, Barabara ya Saba

Juu ya duka la vipuri vya baiskeli, Ngamiani,
nina chumba chenye meza, viti viwili,
na feni inayojichagulia siku ya kuzunguka.
Mchoraji aliandika mlangoni USHAURI WA BIASHARA NDOGO,
nafasi ikamwishia, ile NDOGO ikabanwa pembeni,
ndogo kweli.

Mwaka wa kwanza sikumkataa mtu.
Aliyetaka kufuga sungura, karibu.
Aliyetaka kuuza mitumba bila kuamka alfajiri, karibu.
Aliyetaka nimwambie mkewe kwamba yeye si mvivu,
karibu, keti, elfu kumi kwa saa.
Watu wa Tanga twajisifu: waja leo, waondoka leo.
Hao wangu walikuja leo
na walitaka kuondoka leo
utajiri wameubana kwapani.

Niliwapima kwa viatu. Nakiri.
Ngazi zangu ni kumi na saba, za mbao,
na kiatu cha ngozi kina mlio wake.

Bwana Shekilindi alikuwa na mlio huo.
Alilipa miezi mitatu kwa mkupuo,
noti mpya, zina harufu ya dirisha langu la zamani kule benki.
Akawa anapiga simu saa tano usiku, saa sita,
mbona misumari haitoki, mbona wateja wanahamia kwa jirani?
Nikaenda dukani kwake, nikanunua kilo moja,
nikaipitisha kwa muuza dagaa nikaipime tena.
Gramu mia nane.
Nikamwambia.
Akacheka mpaka akashika kaunta:
"Mama, nimekulipa unishauri,
sikukulipa unipime."

Nilimhesabia ya miezi miwili palepale, mbele ya vijana wake.
Usiku ule nilikula muhogo wa chumvi,
na sitasema ulikuwa mtamu.

Mwanjaa ndiye aliyeniuma.
Kila Alhamisi, na bajia zake kwenye gazeti,
anaketi, analia, analipa, anashuka.
Daftari la genge lake sikuwahi kuliona likifunguliwa.
Miezi minne nilimwuzia bega langu kwa saa.
Siku moja nikamsukumizia pesa yake mezani:
njoo nyumbani, Mwanjaa, njoo jioni, tukae mkekani,
ila hapa usije tena.
Aliondoka na bajia zake.
Nyumbani hakuja mpaka Ramadhani ikapita.

Sasa namwuliza kila anayefika, kabla hajaketi:
nionyeshe ulichoandika jana.
Wengine huguna. Wengine hugonga paji la uso,
"yote yamo humu."
Nami nasikia ngazi zikihesabu, kumi na saba,
kodi yangu ikishuka taratibu kwenda barabarani.

Halafu akaja Hadija Mhina wa Makorora,
mpika achari ya ndimu,
baiskeli kaiegemeza chini, jasho bado linamtiririka.
Daftari la shule, la mistari, kurasa zimekula manjano na pilipili.
Nilisoma: *Chupa 24. Zimeuzwa 19. Tatu mkopo, mke wa imamu.
Mbili, Abuu kala.*
Nikachukua kalamu, nikamkokotolea faida yake,
vizuri, kwa mwandiko wangu wa benki,
nikamgeuzia karatasi.
Akaitazama sana.
"Mwalimu, hukuhesabu vifuniko."

Kweli, sikuhesabu vifuniko.
Tulianza upya.
Ilipofika magharibi hakuna kati yetu aliyekumbuka saa,
na nilimtoza nusu, akakataa nusu,
akalipa yote kwa sarafu na noti zenye harufu ya siki.

Ninao watano sasa, kama Hadija.
Mwenye nyumba anasema watano si biashara.
Huenda.

Leo kiti cha mgeni kitupu tangu asubuhi
na feni imeamua kuzunguka.
Nimefungua daftari langu mwenyewe, nimeandika:
*Jumatano. Wateja, hakuna.
Achari, chupa moja. Nimekula.*