Mwiba

Jina la cheti ni Herondina,
la bibi mzaa baba, lililonuka dawa ya nondo.
Lile jingine nilimpa mimi.

Ilikuwa Setúbal, jikoni, Jumamosi ya mvua.
Mama katoka zamu ya kiwandani,
magamba ya dagaa hadi viwikoni,
king'ora bado kinamlilia masikioni.
Dada, miaka sita, anakula huku ananizomea:
mwiba ukamkwama.

Tukampa mkate mkavu. Tukampiga mgongo.
Jirani, Dona Custódia, akaleta mafuta ya zeituni
na sala kwa Mtakatifu Blasi, vyote kwa kijiko kimoja.
Siku ya tatu ukashuka, au ukayeyuka, nani ajuaye,
ila sauti haikurudi ilivyoondoka:
ilirudi na mkwaruzo,
kama kiti kinachoburutwa juu ya vigae.

"Espinha," nikamwita. Mwiba.
Nilikuwa na miaka tisa na ulimi wa wembe.
Shule nzima ikalidaka.
Kwenye kwaya ya parokia padri akamweka nyuma,
afumbue kinywa tu, asitoe kitu.
Nilicheka. Naliandika hili bila kuombwa.

Nyumbani aliimba bafuni,
bomba wazi, maji yamfiche.

Kisha Lisboni, mgahawa wa ngazi kumi chini ya barabara.
Yeye anaosha glasi, mimi nimekuja kubadili fyuzi.
Mwimbaji wa usiku ule hakutokea.
Mzee wa gitaa la nyuzi kumi na mbili akauliza:
"Binti, tukutangaze nani?"
Nikiwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi,
nikafungua mdomo niseme Herondina,
angalau mara moja maishani.
Akaniwahi.
"Espinha."

Hakucheka mtu.
Alijitanda shali ya mpishi, inanuka kitunguu saumu.
Ubeti wa pili, kwenye neno "mama", mkwaruzo ukaja,
na uma zikawekwa mezani, moja moja.
Mwiba uingiapo ndipo utokeapo, husemwa.
Umetoka kooni mwake, kweli.
Haikusemwa unakoingia baadaye.

Sasa bango lake liko ukutani pa kiwanda kilichofungwa,
herufi saba, kila moja yanizidi kimo.
Watu hunisimamisha: wewe ndiye kaka yake?
Hawaulizi nani alimbatiza.

Jumapili akija, namchambulia samaki
polepole, kwa kidole, hadi nyama iwe pamba.
Huisukuma sahani nyuma.
"Acha mmoja," husema.