Kitovu

Tukuyu mvua haiulizi mwezi.
Inanyesha, inapumua kidogo, inanyesha tena,
na chumvi kibandani kwa mama inalia
hata siku ambayo hakuna aliyeisema vibaya.
Ndiyo maana juu ya meko kuna uchaga,
na juu ya uchaga kuna papa,
anageuzwa kila jioni kama mgonjwa asipate vidonda.

Mama yangu Subilaga hajaiona bahari.
Anaijua kwa harufu ya magunia
yanayoshuka kwenye lori la Mfaume kutoka Kilwa,
siku mbili za barabara, na pancha, lazima pancha, pale Uyole.
Anaijua kwa uzito.
Ana daftari la mgongo mwekundu, lilianza
mwaka niliong'oka jino la kwanza:
papa mmoja, kilo kumi na tisa.
Papa mmoja, kilo ishirini na mbili, hakuenea mlangoni,
tukamwingiza ubavu kama kitanda cha maharusi.

Hata hao walikuja bila mapezi.
"Yako wapi?" mama aliuliza.
Mfaume akacheka. "Mapezi yana gari lake, shemeji,
na halipiti njia hii."
Mama akaliandika hilo pia, pembeni,
maana yeye huandika kila kinachopungua.

Kilo kumi na moja.
Kilo saba.
Kilo nne na robo, kwa bei ileile ya saba.
Mwaka wa baruti, Mfaume alisimulia, mwamba uliruka
ukarudi chini kokoto nyeupe.
Samaki wadogo wakaelea matumbo juu,
na papa aliyezoea kuzunguka paa lile la matumbawe
akaja kuuliza kuna nini,
akakuta makokoro.
Alisimulia huku anakunywa chai yetu.
Hakusema nani alishika kamba. Hatukumuuliza.
Nasi tulikuwa na wateja:
mzazi wa Kiwira anataka supu,
mwalimu wa Ushirika hawezi mbalaga bila kipande cha mkia.
Meno ya mlimani hayaonekani kutoka pwani,
lakini yanatafuna.

Juzi gunia lilikuwa jepesi, mama alilishusha kwa mkono mmoja.
Ndani, papa thelathini na sita,
kila mmoja toka kiwiko changu hadi ncha ya kidole.
Mapezi wamewaachia,
ncha zake nyeusi kama zimechovywa wino.
Hayakufikia kipimo cha kupanda gari lake.

Mama alimgeuza mmoja kwenye taa.
Wamempasua mgongoni, tumbo wameliacha zima.
Kidole gumba kikateremka chini ya koo,
katikati ya mapezi mawili, kikasimama.
Kabla ya kibanda, mama alizalisha wanawake Mpuguso,
miaka kumi na minne, wengine gizani kwa kupapasa tu.
"Ana kitovu," alisema.
"Samaki?"
"Ana kitovu. Na hakijafunga."

Nikapapasa. Mpasuko mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele.
Mimi nilijua samaki ni mayai, maelfu, hayana mwenyewe.
Kumbe huyu alibebwa miezi, mmoja kati ya wachache,
akafungwa kwa kamba kwa mtu wake
kama nilivyofungwa mimi kwa huyu
aliyesimama mbele yangu ameshika taa.

Akampandisha kwenye mizani. Gramu mia na hamsini.
Kalamu ikakaa juu ya safu ya kilo
mpaka ikaacha doa.
Ndipo akaingia mtu na mwavuli, akauliza bei.
Mama akamtajia.

Jana Mfaume kapiga simu: mzigo upo, nilete?
"Wana urefu gani?" mama aliuliza.
Hajawahi kuuliza hivyo.
Mfaume akanyamaza.
Mama akaibana simu sikioni, akafumba macho,
akawa anasikiliza kitu kikivuma kule ndani,
labda ni bahari,
labda ni mvua yetu juu ya bati.