Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kumi na tisa, wino umefifia:
Anicet Gbenoukpo, mwalimu wa hesabu, Porto-Novo.
Kiuno, inchi ishirini na tisa.
Alikuja na kitambaa chake kwapani,
tetroni ya buluu, ya bei ya chini,
akaniomba nimwachie akiba kwenye mshono,
"kwani, fundi, mwili haujui kesho."
Akalipa nusu.
Nusu ya pili aliileta baada ya miezi miwili,
kwa miguu, mvua inanyesha,
sarafu kazifunga kwenye ncha ya leso.

Ukurasa wa thelathini na nne: mbunge.
Thelathini na tatu. Akiba ile niliifungua mwenyewe.

Kisha redio ikalitaja jina lake saa saba mchana,
baina ya bei ya pamba na matangazo ya vifo:
Waziri wa Ujenzi na Barabara.
Jirani yangu Akouavi, muuza akasa,
aliangusha mwiko akapiga kigelegele,
maana mtaa wetu, nyuma ya soko la Ouando,
haukuwa na njia. Ulikuwa na madimbwi,
na kila dimbwi tulilipa jina.

Thelathini na nane: bomba la bazini nyeupe,
vipande vitatu, shingoni uzi wa dhahabu. Alikuja mwenyewe,
akanywa maji yangu.
Arobaini na moja: alimtuma dereva na suti ya zamani,
"Ongeza kidogo."
Arobaini na nne: ilikuja namba tu, kwa simu,
na sauti haikuwa yake.
Nikamkatia nguo mtu nisiyemwona,
kama ninayeshonea uvumi.
Mifuko ya ndani aliitaka miwili, halafu minne.
Fundi haulizi mfuko ni wa nini.
(Hilo nalo niliandika pembeni. Leo sipendi kulisoma.)

Barabara ilikuja, niseme kweli.
Ilikuja nyeusi, inanukia lami,
ikafika hadi duka la dawa
ikasimama pale,
kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata.

Siku alipoondolewa, redio ilitumia sentensi moja:
ameitwa kwenye majukumu mengine.
Majukumu yenyewe chumba chenye dirisha dogo, kule Cotonou,
miezi kumi na minne.
Ule mwezi wa mwisho mkewe akaja na bazini, imekunjwa kwenye gazeti.
"Ipunguze."
Mpaka wapi, mama?
"Thelathini na moja," akasema, akitazama cherehani.

Nikafumua usiku, mshono kwa mshono.
Katika mfuko wa nne, karatasi iliyokunjwa mara nane:
orodha ya mitaa, kwa mwandiko wake wa ubaoni,
wetu wa tatu, umepigwa mstari.
Nimeuweka mstari ule kwenye taa, nimeugeuza.
Sijui kama ni wa kufuta au wa kukazia.
Karatasi ninayo bado. Sikumrudishia, wala sikumwonyesha Akouavi.

Mwaka huu, Jumanne moja, akashuka kwenye pikipiki ya abiria,
viatu vimejaa tope la mtaa wetu,
kitambaa kwapani.
Nikazungusha futi kamba: ishirini na tisa na nusu.
Nikamtania: na akiba, mheshimiwa, niache?
Akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta.
"Acha inchi mbili," akasema polepole.
"Jana wamenipigia simu."

Akalipa nusu.