Pindo

Baba Vendelín aliandika kwa penseli,
maana wino, alisema, hunywewa na jua.
Kwenye kila kibao: jina la mama wa mbegu,
alama ya kuzidisha,
kisha jina la baba.
Hapakuwa na airisi bondeni kwa Hron
isiyo na ukoo ndani ya daftari lake.

Mimi sikuwa nao.
Niliingia nyumba ile na miaka sita,
nimeshika mkono wa mama yangu, Otília,
na ng'ambo ya alama ya kuzidisha
palikuwa patupu.

Alilolitaka ni pindo:
ua lenye mji mweupe
na ukingo wa zambarau, tundu kwa tundu,
kama fundi aliyedarizi usiku kucha kwa taa mbovu.
Alikuwa nalo moja, dhaifu, shina linaoza.
Kabla halijaoza lote, akaliozesha
kwa zambarau tupu, nene, yenye afya ya punda.

Watoto wakatoka zambarau wote.
Jirani Kubaščík akaegemea uzio:
“Pindo lako limekufa, Vendelín.”
“Halijafa. Limenyamaza.
Kila ua hapa lina nakala nne za urithi.
Mbili zinasema,
mbili zinasikiliza.”

Akaozesha ndugu kwa ndugu
(maua hayana aibu hiyo),
akang'oa chavulio kwa kibano alfajiri, nyuki hawajafika,
akanipa hesabu kama mtu anayetoa siri ya nyumba:
moja kati ya thelathini na sita.
Agosti maganda ya mbegu yakapasuka.
Septemba tukamzika.

Nikapanda mimi.
Zilizoota zilikuwa arobaini; panya wa shamba wakala tisa.
Theluji ikaja, ikaenda, ikaja.
Mwaka wa tatu, mwishoni mwa Mei,
nikapita na kahawa inayopoa mkononi:
zambarau, zambarau,
zambarau yenye ndevu za njano,
zambarau iliyovunjwa shingo na mvua,
zambarau.
Hesabu haikuwa ahadi. Ilikuwa dau.

Nikaleta sepetu. Nikang'oa ishirini na mbili
bila kuyatazama.

Kisha nikaikumbuka fomu ya shule,
ile ya darasa la kwanza, mstari ulioulizia baba.
Mwalimu alitaka wino.
Yeye alitoa penseli, akaandika jina lake,
akalipitia tena, akalikandamiza
hadi herufi zikatokea upande wa pili wa karatasi.

Sepetu nikaisimika udongoni.
Yaliyobaki yalikuwa tisa, yote yamefunga mdomo.
Yapi yanasikiliza? Ua halisemi kwa kuulizwa.
Nikachagua mawili, lile lenye matawi mazuri
na lile ambalo sikulipenda hata kidogo.
Kibano chake bado kilikuwa na kutu palepale pa kidole gumba.

Kwenye kibao nikaandika mama,
nikaweka alama ya kuzidisha,
nikaandika baba.
Nikakandamiza.
Kulikuwa na baridi; nyuki walikuwa hawajaamka.